Shule ya Sebuleni na Saa ya Haki

Jumatatu, 12 Januari

Shule imefunguliwa! Saa mbili kamili asubuhi nimegonga sufuria kwa mwiko mara tatu, wanafunzi wakaja mbio. Wote wawili. Cynthia, miaka sita, darasa la kwanza. Jacinta, miaka minne, darasa la Jacinta. Mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu na mpiga kengele ni mimi, Bramwel, wa ghorofa ya pili hapa Tudor.

Niandike mambo yalivyo, ili nitakapokuwa maarufu watu wasibahatishe. Miaka saba nimekuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Nilikuwa natoka nyumbani watoto wamelala, narudi wamelala. Siku moja mwaka jana nilirudi mapema. Jacinta alifungua mlango, akaniamkia shikamoo, akaniambia mama hayupo, nije kesho. Iliniuma. Bado inaniuma. Sasa karatasi za forodha zinafanywa kwa kompyuta, na bosi ameniruhusu kuzifanyia nyumbani jioni. Nikasema basi, wanangu nitawasomesha mwenyewe.

Mke wangu Nekesa ni muuguzi, na haamini jambo mpaka alipime joto. Amenipa wiki moja. Jumamosi Cynthia atatahiniwa mambo matatu: kusoma ukurasa mzima, kuhesabu mpaka mia, kusoma saa. Akifaulu, shule yangu inaendelea muhula mzima. Akishindwa, Jumatatu wote wawili wanavaa sare na kwenda shule kama watoto wa watu, nami narudi kuwa mgeni wa kuja kesho.

Na mtahini ni nani? Areeba wa ghorofa ya tatu! Mke wa Taizoon mwenye duka la vipuri. Mwaka wa pili huu anamsomesha bintiye Shahnaz nyumbani. Ana chati ukutani. Ana penseli zilizopangwa kwa rangi. Ana sauti ya chini yenye adabu, na kila nikiisikia hukagua kama nimefunga vifungo vyote vya shati.

Mbinu ya leo: vibandiko! Kila kitu nyumbani nimekiandikia jina kwa herufi kubwa. MLANGO. MEZA. FRIJI. Kufikia adhuhuri Cynthia alikuwa anavisoma vyote bila kukwama. Jacinta alipenda zaidi kubandua, kisha kubandika upya kwa maoni yake. Chai ya saa sita ilikuwa na chumvi. Si kitu. Nekesa akanywa, akakunja uso, akaenda zamu yake ya alasiri.

Amerudi. Ana karatasi mkononi. Ametembea wodini zamu nzima na CHOO mgongoni. Wagonjwa watatu walimfuata.

Nimemwambia hiyo ni dalili kwamba mwandiko wangu unasomeka.

Jumanne, 13 Januari

Hesabu! Mtoto mdogo hujifunza kwa vitu anavyovishika. Nimenunua mkebe wa mabuyu, yale ya sukari na rangi nyekundu, nikayahesabu mwenyewe mara mbili: mia moja kamili. Kanuni ni rahisi. Taja namba, tia buyu moja kwenye bakuli.

Cynthia alikwenda vizuri mpaka sitini na tatu. Akanyoosha mkono, mkebe mtupu. Jacinta alikuwa kimya kwa muda mrefu, jambo ambalo mzazi mzoefu angelishuku. Mimi nilidhani anafikiri.

Hapo ndipo Areeba alipobisha hodi, amekuja kuazima kichujio. Akakuta vinywa vitatu vyekundu. (Changu pia. Mwalimu ni lazima aonje vifaa.) Akauliza kwa upole kama leo tuna somo la meno. Nikamjibu ni hesabu ya kutoa. Akasema ni vyema, na kwamba Shahnaz yeye huhesabu ngazi kwa tano tano kila wakishuka kwenda sokoni.

Kwa tano tano! Kwa ngazi! Yaani bila hata vifaa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alipoondoka nilimpa kichujio kilichotoboka.

Bado thelathini na saba kufika mia. Nitazitafutia siku yake.

Jumatano, 14 Januari

Ziara ya masomo! Ngome ya Yesu!

Tiketi nimelipa, mimi si mwizi. Lakini kumlipa mtu wa kututembeza ni kwa nini, na mbele yetu kulikuwa na kundi zima la Wapolandi lenye mtembezaji wake? Nikawaagiza wanafunzi: tembeeni nyuma yao, sikilizeni, jifanyeni Wapolandi. Tulikwenda salama mpaka ukuta wa pili. Hapo mtembezaji, bwana mmoja wa Mji wa Kale aitwaye Athmani, akainama akamuuliza Jacinta ametoka wapi. Jacinta akajibu kwa sauti kubwa kwamba ametoka Polandi ya Tudor.

Athmani alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema Wapolandi wa Tudor waje mbele waone mzinga, ngome ni yao pia. Mtu muungwana. Akampungia Jacinta mkono: "Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Jacinta ni mtoto msikivu. Alikwenda mpaka pembeni, akarudi anakokota ndoo ya mfagiaji, na maji ndani. Sehemu ya maji ilifika. Sehemu ilibaki katika viatu vya mama mmoja wa Kipolandi.

Nikaona ni wajibu wangu kama mwalimu kumsahihisha Athmani. Nikamwambia neno ni njoo, na ndoo ni chombo. Akaniuliza kwa heshima zote Kiswahili hicho nimeshuka nacho stesheni gani. "Sisi hapa twaitana ndoo tangu ngome hii haijajengwa, bwana. Chombo mumekileta nyinyi."

Kundi zima likapiga makofi bila kuelewa. Nimeyahesabu kuwa yangu.

Na sasa habari kubwa. Tukitoka, Cynthia alisimama mbele ya kibao cha maelezo langoni akakisoma chote. Chote! Hata maneno marefu. Kusoma, tayari. Areeba na aje na penseli zake.

Alhamisi, 15 Januari

Leo ni siku ya kihistoria. Nimesahihisha wakati.

Ilianza saa tatu asubuhi. Nilimwonyesha Cynthia saa ya ukutani nikamwambia hii sasa ni saa tatu. Akatazama. Akasema mshale mfupi uko kwenye tisa. Nikasema ndiyo, ni saa tatu. Akasema imeandikwa tisa, baba. Nikasema ni desturi. Akauliza desturi ni nini. Nikasema ni jambo ambalo halina maswali. Akasema, "Kwa hiyo saa inadanganya na watu wazima wote mnajua?"

Nimeishi miaka thelathini na minane. Maisha yangu yote nimetazama tisa nikasema tatu, na sikuwahi kujiuliza! Wewe na mimi na Mombasa nzima tumekubaliana na uongo uliopigiliwa msumari ukutani!

Nikapanda kiti. Nikaishusha saa, nikaizungusha mishale saa sita nzima, nikairudisha. Sasa saa tatu mshale uko kwenye tatu. Saa nne, kwenye nne. Nimeiita Saa ya Haki. Cynthia ameielewa kwa dakika kumi. Kufikia chakula cha mchana alikuwa anatangaza saa kama redio.

Areeba, nasikia, ilimchukua miezi miwili na Shahnaz. Miezi miwili! Nimepiga sufuria mara kumi bila sababu.

Kuna mtu nilitaka kumwarifu juu ya mabadiliko haya. Nimesahau ni nani.

Ijumaa, 16 Januari

Ni Nekesa.

Alichelewa kulala jana kwa ajili ya zamu, kwa hiyo asubuhi tulimwachia nyumba. Tulikuwa juu ya paa, somo la sayansi, kwa nini nguo hukauka. Simu yake, ambayo ndiyo humwambia saa siku zote, walikuwa nayo watoto, kwa wimbo wa alfabeti. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Akaamka saa tatu asubuhi, akatazama ukutani, akaona mshale kwenye tatu.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa Kenya hii akiona mshale kwenye tatu anajua ni saa tisa. Na zamu yake inaanza saa nane.

Kutoka juu ya paa tulimwona akikimbia kuvuka barabara, kiatu kimoja mkononi, akijitupa ndani ya tuktuk. Jacinta alimpungia mkono. Jua nalo halikumsaidia, kwa sababu jua la Mombasa la saa tatu na la saa tisa ni ndugu wa tumbo moja. Akafika hospitalini, akasimama mbele ya metroni, akaomba radhi kwa kuchelewa. Akasema watoto, akasema foleni, akasema hata mimi. Metroni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia amewahi kwa saa tano.

Lakini ona bahati! Zamu ya asubuhi ilikuwa na upungufu wa wauguzi wawili. Metroni alimshukuru mbele ya wenzake, akamruhusu kuondoka saa nane, na kesho amempa mapumziko. Nimemwambia Nekesa kwamba, kwa namna fulani, hiyo sifa ni yetu sote wawili.

Aliitazama saa ya ukutani. Nekesa akinyamaza, hata friji hunyamaza. Kisha akasema neno moja: "Irudishe."

Nimepanda kiti nikairudisha. Cynthia alisimama chini yangu akitazama mishale inavyozunguka. Na hapo juu ya kiti ndipo nilipoelewa. Mtoto anajua saa moja tu duniani, nayo nimetoka kuiua. Na mtihani ni kesho!

Tulia, Bramwel. Mbinu ipo. Nitakaa nyuma ya Areeba. Nitajikuna pua mara nyingi kadiri ya saa. Cynthia ameelezwa. Ameitikia kwa kichwa, ingawa kwa namna ya mtu anayefikiria jambo jingine.

Jumamosi, 17 Januari

Lazima niandike yote.

Areeba alishuka saa nne kamili na mfuko wa kitambaa. Alikaa mezani na Cynthia. Nekesa alikaa kando, amekunja mikono. Mimi nyuma, pua tayari.

Kusoma kwanza. Kitabu cha kobe na mwewe. Cynthia alimaliza ukurasa, akafungua wa pili bila kuambiwa. Areeba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Moja kwetu!

Kuhesabu. Moja, mbili, tatu, akapaa kama ndege mpaka sitini na tatu. Akakomea hapo. Areeba akasubiri. Akamwambia aendelee, mwanangu. Cynthia akasema haziendelei, yameisha. Areeba akauliza yapi yameisha. Akasema, "Mabuyu."

Sikumtazama Nekesa. Niliuhisi mtazamo wake kwenye shingo, upande wa kushoto.

Ikabaki saa. Areeba akatoa saa ya kadibodi aliyoikata mwenyewe, mishale yake imefungwa kwa kifungo cha shati. Akaweka mshale mfupi kwenye tisa, mrefu juu. Akauliza ni saa ngapi. Nikajikuna pua mara tatu. Nikarudia. Areeba, bila kugeuka, akasema Baba Cynthia, kama ni mafua ana dawa nzuri nyumbani. Na Cynthia hata hakuniangalia! Alikuwa ameikodolea macho ile kadibodi. Nikaona sare. Nikaona mlango ukifunguliwa na mtoto ananiambia nije kesho.

"Saa tatu," akasema.

Areeba akauliza amejuaje, na hapa imeandikwa tisa. Cynthia akaweka kidole kwenye tisa, akakivusha katikati ya saa mpaka upande wa pili, kikatua kwenye tatu. Akasema saa husema ya ng'ambo. Baba aligeuza yetu, mama akasema irudishwe, akaona namba zinavyotazamana. Tisa na tatu. Saba na moja. Nne na kumi. "Kila namba ina jirani wa mbele. Unamuuliza jirani."

Areeba akairudia kwa kidole chake mwenyewe, saba, moja. Kisha akasema, kwa ile sauti ya chini, kwamba amemkaririsha Shahnaz miezi miwili, ongeza sita, toa sita, na machozi juu yake, na njia hii haikumjia hata siku moja. Aliyasema hayo mbele yangu! Nitayakumbuka mpaka nizikwe.

Nekesa akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Hukumu: muhula mzima! Masharti mawili. Jumanne na Alhamisi Cynthia apande kwa Areeba kwa hesabu. Na mimi nisiiguse saa tena maishani.

Areeba akiaga alimuuliza Jacinta, kwa utani, huyu ni nani. Akaninyooshea kidole mimi. Jacinta akasema, "Mwalimu mkuu. Lakini anakaa hapa hapa."

Nimeingia jikoni kutafuta kitu. Sijui kitu gani. Nimekaa huko mpaka macho yakakauka.

Jumapili, 18 Januari

Tumetoka kanisani. Ushindi bado mtamu. Nimemwazima Areeba kichujio kizima.

Njiani Cynthia aliuliza swali. Kesho ni Jumatatu, siku ya kwanza ya shule. Kama ni ya kwanza, mbona inaitwa tatu? Nikafungua mdomo niseme ni desturi. Nikaufunga. Nikahesabu kwa vidole. Jumamosi ni mosi. Jumapili ni ya pili. Jumatatu ni tatu. Nikafika nyumbani nikasimama mbele ya kalenda ya jikoni, na safu ya kwanza ni nini? Jumapili! Ya pili imewekwa ya kwanza, na mosi wa watu amesukumwa mwisho kama mtoto wa kambo!

Nekesa amenikataza saa. Kalenda hakuitaja.

Nimechukua mkasi na gundi. Safu ya Jumamosi sasa iko mbele inapostahili. Ilibidi tarehe zisogezwe kidogo ili zikae sawa, na zile alama nyekundu za zamu za Nekesa zimehamia siku za jirani. Kazi safi sana. Ukiiona utadhani imetoka kiwandani.

Nekesa amepita sasa hivi kuchukua maji. Ameitazama, akashangaa, akasema hakujua kama kesho hana zamu. Amefurahi mno. Amempigia dada yake simu kumwalika chakula cha mchana, na sasa anaimba jikoni, anaroweka mbaazi.

Sioni haja ya kumharibia furaha.