Ushuru wa Neno

Jumatatu, 5 Desemba 1983

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba ushuru hutozwa chakula. Sivyo. Ushuru hutozwa neno. Nimelitambua leo mpakani, nikiwa nimeduwaa mbele ya ubao.

Nieleze kwa utaratibu. Jumuiya yetu ya nchi tatu ilivunjika, mpaka ukafungwa miaka mingi, mwezi uliopita ukafunguliwa. Nikadhani mambo yamerudi yalivyokuwa. Nikaenda Jasini, ng'ambo ya mpaka, kwa shemeji yangu Jumbe, mume wa dada yangu Mwanamkuu, kuchukua mchele wa shamba lake kwa ajili ya Maulidi. Zamani mtaa wetu hapa Msambweni ulikula pilau ya mchele ule kila Maulidi, na mwenye karamu nilikuwa mimi. Mwaka huu nimeahidi tena. Msikitini, mbele ya watu.

Karani wa forodha, kijana wa bara mwenye adabu, akaniambia hiyo ni bidhaa ya kigeni. Mchele wa shemeji yangu! Mgeni hapa ni nani, mchele au karani? Akanionyesha ubao: MCHELE, na ushuru wake. Pensheni ya mwalimu haiufikii. Nimerudisha gunia Jasini.

Matano mwenye duka alipata habari kabla sijafika nyumbani. Akasema nisijisumbue, mchele dukani kwake upo, na kama Mwalimu amechoka, karamu aichukue yeye. Alisema "amechoka" kwa upole mkubwa. Upole huo ndio ulioniudhi.

Jumatano, 7 Desemba

Nimeufikiria ubao. Umesema mchele. Haukusema mpunga. Nimewafundisha watoto maisha yangu yote: ukiwa na maganda ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali, na pilau ni wali uliovaa nguo za Idi. Maneno matatu. Serikali imetoza moja. Mawili ni bure.

Mke wangu Mwanaima akauliza kama karani naye alisoma kwangu. Sikuona umuhimu wa swali.

Jioni. Umuhimu nimeuona. Karani alifungua gunia la mpunga, akasema, "Mzee, hii ni mchele iko na maganda." Nikamsahihisha kwa upole: si hii, ni huu. Akashukuru. Akasema basi, huu ni mchele iko na maganda. Mpunga umerudi Jasini.

Ameniambia kwamba kwao ikiwa shambani ni mchele, ikiwa kwa gunia ni mchele, na mama akiipakua ni mchele. Sijapata kushtuka hivi tangu nistaafu. Taifa linatimiza miaka ishirini, na ndani yake kuna mtu mzima anayekula mchele.

Alhamisi, 15 Desemba

Karamu ni kesho alasiri. Matano amepita kuuliza kama aniwekee magunia. Nimemwambia ayauze, tena mapema. Akaniuliza watu watakula nini, ufasaha?

Kosa langu lilikuwa kushika neno la kwanza. Neno lenye nguvu ni la tatu. Nimempelekea Mwanamkuu ujumbe: apike huko huko, masufuria makubwa mawili.

Ijumaa, 16 Desemba

Nilifika mpakani asubuhi, masufuria juu ya mkokoteni, pilau ikinukia hadi ng'ambo. Karani akafunua. "Mzee, leo umeleta mchele imeiva."

Nikamwomba kwa heshima aonje, kisha aniambie kama mchele una ladha ile. Akaonja. Hakuwa na hakika. Akamwita mwenzake. Naye hakuwa na hakika. Wakamwita mkubwa wao, na wasafiri waliokuwa kwenye foleni wakajitolea kuwa mashahidi. Niliwahimiza wasione haya, wachote na nyama, ili ushahidi ukamilike.

Hatimaye karani akanawa mikono, akasimama, akatamka mbele ya wote: "Mwalimu, umeshinda. Hii si mchele. Huu ni wali."

Huu! Machozi yalinilengalenga. Nikapita bila ushuru, kichwa juu. Mkokoteni ulikuwa mwepesi sana. Njiani nikafunua masufuria. Ukoko mtupu.

Jumamosi, 17 Desemba

Watu walikula pilau ya Matano. Kumbe Mwanaima alimfuata tangu Alhamisi, akamwambia asiuze magunia yake. Mke wangu! Nimeshtuka kuliko mpakani.

Imamu wetu, Sheikh Abdurahman, ametangaza kwamba kuanzia sasa mwenye karamu ni Matano. Mimi nimepewa kazi ya kuwaeleza watoto maana ya Maulidi wakati wakubwa wanapakuliwa. Matano alinipakulia kwa mkono wake. "Kula, Mwalimu wangu. Huu nao ni wali." Nilikula. Nikaongezwa, nikala tena.

Lakini watu hawaoni jambo kubwa: hoja yangu ilishinda. Kilichoniangusha ni mapishi ya dada yangu, yalikuwa matamu kupita kiasi. Karamu nitairudisha mwakani, kwa sababu alfajiri hii limenijia neno la nne. Mchele ukivunjika, si mchele tena. Ni chenga. Na chenga haimo ubaoni. Tukiuvunjavunja mchele wote wa Jumbe huko huko Jasini, punje kwa punje, utapita.

Mwanaima ameuliza nani atakula pilau ya chenga. Hayo ni mambo ya jikoni.

Nikaazime kinu leo, kabla ya adhuhuri.