Mthamini Hana Utani

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Leo nimeanza masomo ya uthamini. Hatimaye! Baraza limetangaza kwamba kuanzia Septemba hakuna mtu atakayetaja bei ya mali ya marehemu wala ya mdaiwa bila cheti chenye muhuri. Miaka kumi na miwili nimenunua na kuuza vitu vikuukuu hapa sokoni Ifakara. Vitanda, taa, baiskeli zisizo na mnyororo. Nani atanifundisha bei mimi, Fulgensi? Lakini muhuri ni muhuri. Nimevaa koti la harusi.

Tuko watano. Mwalimu wetu ni Bwana Viktor, ametoka Mahenge, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akaandika sheria tatu ubaoni. Ya kwanza, usithamini kitu usichokiona na kukishika. Ya pili, usithamini mali ya ndugu yako. Ya tatu, usimsikilize mtu yeyote wa nyumba ile, awe anasifu au anaponda. Wenzangu wakanakili. Mimi sikunakili. Hizo ni sheria za watu wasio na jicho.

Hermenegildi naye yupo. Bila shaka! Huyu ni seremala, kibanda chake kinatazamana na changu, na tangu mwaka juzi anajifanya kutoniona. Amekuja na futi yake. Kabla ya kukaa akapima benchi. Bwana Viktor akamsifu mbele ya wote.

Jioni mke wangu Balbina akauliza nimejifunza nini. Nikamwambia mtu wa kiwango changu hajifunzi, anathibitishwa tu. Akasema vizuri, basi niende nikathibitishe kuni, zimekwisha.

Jumanne, 7 Agosti

Bwana Viktor aliuliza bei ya jembe lililotumika misimu mitatu. Hermenegildi akataka kujua limebaki upana gani. Mwingine akauliza kama lina ufa. Maswali! Mimi nikataja bei palepale, shilingi mbili na nusu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Bwana Viktor akainama, akatoa jembe chini ya meza. Ulikuwa mpini mtupu. Jembe lenyewe halikuwepo.

Walicheka sana. Sikubabaika. Nikawaeleza kwamba mpini mzuri ndio roho ya jembe, na huo ulikuwa mzuri, na kwa kweli nilikuwa nimewapunguzia. Bwana Viktor akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anafikiria maneno yangu.

Jumatano, 8 Agosti

Nina mpango. Mwalimu ni mtu, na mtu hula. Alfajiri nilipeleka kambale mkavu pale anapolala, nikamweka mlangoni, amefungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Sikuandika jina. Mtu mwenye akili atajua tu nani ana moyo wa namna hiyo.

Saa mbili Bwana Viktor akaingia darasani na kambale wangu mkononi. Akamlaza mezani. Akasema ameokota mali isiyo na mwenyewe, kwa hiyo leo tutamthamini samaki.

Wenzangu wakamgeuza, wakamnusa, wakambonyeza. Hermenegildi akapanua matamvua kwa ncha ya kisu. Wadudu wakatoka! Akasema senti hamsini, tena kwa kuwa mnunuzi ana njaa. Ilipofika zamu yangu ningeweza kunyamaza. Balbina anasema hata sasa kwamba ningeweza. Lakini kambale yule nilimchagua mwenyewe. Nikasema shilingi nne. Bwana Viktor akataka sababu. Nikamwambia amtazame mdomo, samaki huyu alikufa ameshiba.

Bwana Viktor akasema mtu akithamini kilicho chake, jicho lake huwa halioni, linapenda tu. Aliyasema hayo huku ananitazama muda mrefu. Amejuaje?

Samaki akapewa aliyekaribia bei ya soko. Hermenegildi akakung'uta wadudu, akamfunga, akaenda naye kwake. Mchana nilisikia harufu ya mchuzi wake mpaka kibandani kwangu. Shilingi nne! Harufu ile peke yake ilikuwa ya shilingi mbili.

Alhamisi, 9 Agosti

Mtihani ni kesho, na si mchezo. Tutathamini mali ya kweli kwa kesi ya kweli. Bei zetu zitajumlishwa, zigawanywe, na jibu litakalopatikana ndilo Baraza litakalolitumia.

Nyumba ni ya mjane Scolastica. Mumewe Dionisi alifariki mwezi wa tano. Ndugu za marehemu, wakiongozwa na Ponsiano wa Malinyi, wanadai sehemu yao. Vyungu na kinu hawavitaki. Wanataka cherehani. Baraza limeamua hivi: cherehani itatajwa bei, mjane akiweza kuwalipa nusu yake, inabaki kwake. Asipoweza, Ponsiano anaipakia na kuondoka nayo.

Shangazi ameuza mpunga wake wote. Ana shilingi sitini, basi. Ndiyo, nimeandika Shangazi. Scolastica ni dada yake baba yangu, na mimi nimelala chini ya ile cherehani nikiwa mtoto, akishona sare za shule. Chakula chake chote kinatoka kwenye sindano hiyo.

Bwana Viktor akauliza kama kuna mwenye undugu na nyumba ile. Hermenegildi akanigeukia. Nikatazama dari. Dari ya pale ina mchwa, ningeithamini kwa senti tano. Ningesema nini? Nikijitoa sipati cheti, na yeye anapata. Mkono ulikataa kunyanyuka.

Baada ya darasa nikaenda kwa Shangazi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia alale usingizi, mmoja wa wathamini ni damu yake. Akanishika mikono miwili. Akaniomba niseme kweli tu, kwamba cherehani ni kuukuu, inaruka mishono, gurudumu linalia. Nisiongeze neno. Nikaapa kwa Bikira Maria.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimeponzwa na mtani!

Nieleze kwa utaratibu. Leo ilikuwa pia siku ya kuondoa tanga, ua umejaa watu, na Kelestini, mtani wa ukoo wa marehemu, amekuja kufanya kazi yake. Alivaa suruali ya Dionisi kinyumenyume. Akasema kitanda hiki hata kunguni walikihama kwa njaa. Akasema taa hii ukiiwasha ndipo giza linapoingia. Akasema cherehani hiyo Dionisi hakuinunua ya kushonea, aliinunua ya kufukuzia viboko shambani, kwa makelele yake. Watu wakaangua vicheko. Shangazi naye akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Kila mtu bondeni anajua: mtani hajibiwi. Akitukana unacheka, na anayekasirika anatozwa kuku. Najua hilo tangu utotoni. Lakini leo nilikuwa na koti, na fomu, na penseli sikioni. Mtu wa serikali karibu kabisa! Mthamini hana utani.

Kelestini akalishika koti langu. Akasema hili na cherehani vikiuzwa pamoja, mnunuzi atarudi kesho yake kudai fidia.

Damu ikanipanda kichwani. Nikasimama juu ya kinu nionekane. Nikauambia ua mzima kwamba cherehani ya Dionisi haina mfano hapa mpaka Mlimba, kwamba chuma chake ni cha zamani, chuma chenye adabu, kwamba ukiisikia inalia jua inaimba. Nikataja sare ilizoshona. Nikataja hata kanzu ya padri. Nilisema vizuri, siwezi kujidanganya, nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema. Kicheko cha Shangazi kikakatika. Akatikisa kichwa taratibu. Nikadhani amezidiwa na furaha. Ponsiano wa Malinyi alikuwa ameegemea ukuta, anatabasamu kama mtu aliyeletewa chai asiyoiagiza.

Nikaandika kwenye fomu: shilingi mia nne.

Nikatozwa kuku. Kuku mwenyewe alikuwa wa Balbina, yule anayetaga. Hajasema nami tangu alasiri.

Jumamosi, 11 Agosti

Majibu. Bwana Viktor alisoma bei za cherehani mbele ya wote, Shangazi kwenye benchi la nyuma, Ponsiano mlangoni. Mia na ishirini. Mia na kumi. Mia moja. Hermenegildi, mia na kumi. Kisha akaisogeza fomu yangu karibu na miwani, akaisogeza mbali, akaisoma. Mia nne.

Akaniuliza kwa upole kama najua kwamba pale dukani cherehani mpya, ndani ya kasha lake, ni shilingi mia tatu na sabini. Nikamjibu kwamba ile ya dukani haijawahi kumvisha mtoto yeyote. Akaanza kujumlisha.

Ikatoka mia na sitini na nane. Nusu yake themanini na nne. Shangazi ana sitini.

Nikageuka. Shangazi alikuwa ameweka mikono magotini, anatazama sakafu. Hakulia. Afadhali angelia. Nakiri hapa, ambapo hakuna asomaye: niliona haya. Ningeweza kusimama na kuipunguza bei yangu. Nilifika nusu ya kusimama. Lakini Hermenegildi alikuwa ananitazama, na mwanamume hashushi bei mbele ya Hermenegildi.

Yeye ndiye aliyesimama. Akasema fomu ya Fulgensi ifutwe, maana mjane huyu ni shangazi yake, na kwamba tangu Alhamisi amenisubiri niseme mwenyewe. Bwana Viktor akaniuliza kama ni kweli. Nikasema Ifakara hii nani si ndugu wa nani. Akapiga mstari wa wino mwekundu juu ya mia nne yangu. Cherehani ikawa mia na kumi. Nusu, hamsini na tano. Shangazi akafumba macho, akafanya ishara ya msalaba.

Vyeti vikatolewa vinne. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: mimi sikwenda kuomba changu. Sikupewa pia.

Nje Shangazi akaniambia kwamba anajua nampenda, ila upendo wangu ni wa bei kubwa na yeye hana uwezo nao. Kisha akaenda kumshukuru Hermenegildi. Kumpa mkono! Hakuna aliyefikiria jambo dogo tu: bei yangu imefutwa kwa sababu mimi ni ndugu yake. Nisingekuwa ndugu yake, isingefutwa. Kwa hiyo nani amemwokoa? Nimemweleza Balbina mara tatu. Amefungua mdomo mara moja tu, kuuliza kuku atarudi lini.

Jumatatu, 13 Agosti

Balbina ameamuru niende kumwomba Shangazi msamaha. Haki yake. Nilikubali kwa moyo mweupe, na maneno niliyatunga jana kanisani wakati wa mahubiri. Yalikuwa mazuri, yenye "nimekosa" mbili.

Nikamkuta kwenye ofisi ya Baraza. Siku ya makabidhiano! Shilingi hamsini na tano mezani, zimepangwa. Karani ameshika karatasi. Hermenegildi, shahidi, na cheti chake mfukoni kikichungulia. Ponsiano ameshapaka wino kidoleni. Nikasimama kando kwa heshima, nikisubiri wamalize ili nikose mara mbili.

Karani akasoma kwa sauti: cherehani moja, chakavu.

Chakavu! Nilijizuia. Naapa nilijizuia, nikahesabu mpaka nne. Kisha nikasikia sauti yangu inauliza nani aliyeandika neno hilo, maana cherehani ile hata kwa mia tatu na tisini ni wizi, na mtu wa Malinyi anayekubali hamsini na tano hajui alichokalia.

Kidole cha Ponsiano kikasimama hewani. Akanitazama. Akazitazama pesa. Akaanza kumuuliza karani kama shauri linaweza kuangaliwa upya.

Shangazi alinyoosha mkono, akakishika kidole kile, akakibandika kwenye karatasi mwenyewe, akakikandamiza mpaka kikakubali. Karani akapiga muhuri kabla mtu hajavuta pumzi. Ponsiano akakitazama kidole chake kama cha kuazima, akabaki hajui akasirike au acheke. Kelestini, aliyekuwa dirishani, akamwambia akikasirika kuku anahusika. Ponsiano akacheka, akazoa pesa.

Cherehani ni ya Shangazi. Kabisa, na muhuri juu. Akanigeukia, akasema niende nyumbani, mwanangu, niende sasa hivi. Sauti ilikuwa ya upole, lakini mkono ulikuwa umeonyesha mlango. Msamaha nikasahau kuuomba. Hermenegildi akanifungulia mlango, tena akaupima kwa macho nilipokuwa napita.

Nimerudi na nimekaa kumwandikia Bwana Viktor barua. Namwomba nafasi kwenye masomo ya Oktoba, kule Mahenge. Namweleza pia, kwa heshima, kwamba nimeirudia hesabu yangu kwa utulivu, bila hasira wala undugu, na nimegundua kosa langu. Niliusahau mfuniko wa mbao wa ile cherehani. Ni mia nne na ishirini.