Kitufe cha Pointi Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nyota yangu imeng'aa! Meneja ametangaza kwamba timu inatafuta kiongozi, na kiongozi atakuwa yule atakayekusanya pointi nyingi kuliko wenzake katika wiki hizi mbili. Nilikohoa kwa unyenyekevu. Hakuna aliyenitazama.

Nieleze pointi, kwa faida ya wajukuu watakaosoma maisha ya babu yao mashuhuri. Sisi tunatengeneza programu za simu. Kabla kazi haijaanza, tunaikadiria. Si kwa saa, bali kwa pointi: uzito wake, ugumu wake, na yale tusiyoyajua. Kila mtu ana kadi zenye namba. Kazi inasomwa, moja-mbili-tatu, kadi juu! Tukitofautiana tunabishana mpaka tukubaliane. Kazi ya kitoto, moja. Kazi ya kukutoa roho, kumi na tatu.

Mratibu, dada anayeendesha mikutano yetu, alipinga papo hapo. Alisema pointi ni za kujua timu nzima inaweza kubeba mzigo gani, si za kupimia watu kama magunia ya mkaa. Meneja akamjibu kuwa ushindani ni afya. Namuunga mkono Meneja. Hasa kwa kuwa kwenye kubishana hakuna anayeniweza.

Mpinzani ni mmoja tu, tunamwita Msumari. Mwembamba, kimya, akishapigiliwa kwenye kazi hang'oki mpaka iishe. Na anakadiria kwa haki. Maskini.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa makadirio. Mteja ni kinyozi mwenye duka kubwa. Anataka wateja wachague kiti na saa ya kunyolewa kwa simu, wasijazane kwenye benchi lake. Kazi yangu ya kwanza: kubadilisha rangi ya kitufe, kitoke kijivu kiwe kijani.

Kadi juu! Wengine wote, moja. Mimi, kumi na tatu.

Msumari aliuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, hiyo kumi na tatu imetoka wapi. Nikasimama. Nikasema kitufe si kitufe tu, jamani. Kitufe kina ukingo. Kina kivuli. Je, kikibonyezwa na kidole chenye mafuta? Je, kwenye skrini iliyopasuka? Je, kwa mtu asiyependa kijani? Niliongea mpaka tumbo la Mchoraji, kijana wetu anayebuni skrini, likanguruma kama pikipiki. Wakakubali nane ili wakale. Nane! Njaa ya mwenzio ni mtaji.

Baada ya chakula ikaja kazi ya Msumari: kuhakikisha watu wawili hawapati kiti kimoja kwa saa ileile. Akainua kumi na tatu. Roho ikaniruka! Kumi na tatu zingempaisha moja kwa moja hadi kwenye uongozi. Nikasema hiyo ni kazi ya kumsukuma mlevi. Kiti kimechukuliwa, kimechukuliwa, kwisha habari. Watu walikuwa wameshiba, macho yanafumba. Msumari alijaribu kueleza. Meneja akapiga miayo, akasema iandikwe moja tu tuendelee. Mratibu alikunja uso. Shibe nayo ni mtaji.

Jumatano, 5 Machi

Kitufe kimekwisha. Kimekuwa kijani kabla chai yangu haijapoa.

Hapo ndipo nilipoona tatizo. Kazi ya pointi nane haiwezi kumalizika chai ingali moto! Nimeificha. Kutwa nzima nimekodolea skrini macho, nikishika kichwa na kuguna. Mratibu alinionea huruma, akapendekeza Msumari anisaidie. Nikamwambia hapana, kazi hii ni kama mimba, huwezi kumgawia mwenzio nusu. Akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Kujifanya unafanya kazi kunachosha kuliko kazi yenyewe. Mgongo unaniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata mshirika! Mchoraji amekubali tusaidiane wakati wa kukadiria. Nikigusa pua, anainua tano. Nikigusa sikio, nane. Yeye akitaka pointi kwa kazi zake, atagusa kidevu. Mpango mtamu, hauna mwanya.

Ila usiku mbu walinila. Sikio zima limevimba kama andazi.

Mkutano ulipoanza, kazi ya kwanza ilikuwa kusahihisha neno "Karibuni" lililoandikwa "Kariboni". Nikajikuna sikio. Mchoraji akainua nane. Wengine moja. Nikajikuna tena, kwa kuwa liliwasha kweli. Akaduwaa, akaongeza tano juu ya ile nane. Nikajikuna shingo, kisha kifundo cha mguu. Ishara hizo hatukupatana. Alitapatapa mpaka akainua kadi zote alizokuwa nazo, amezitandaza mkononi kama pepeo.

Meneja akamuuliza kama anaona joto.

Mratibu alinisogezea dawa ya kupaka. Mchoraji amevunja ushirika. Amesema mimi nina alama nyingi mno.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amenikumbusha bomba la jikoni linavuja. Nilimweleza kitaalamu kwamba nimelikadiria, ni pointi kumi na tatu.

"Kumi na tatu ndiyo saa ngapi, baba watoto?" akauliza.

"Pointi si saa, mama."

"Haya. Basi chakula cha mchana ni pointi ishirini, na mimi leo nguvu zangu zinaishia kwenye tano."

Nikala mkate mkavu. Alasiri akaja shemeji, kaka yake, akiwa na spana mfukoni. Akazungusha mara mbili, bomba likanyamaza. Akakaribishwa wali. Nilijaribu kumweleza shemeji kuwa amefanya kazi bila kukadiria, na kitaalamu hiyo ni hatari sana. Aliendelea kutafuna.

Jumatatu, 10 Machi

Furaha tele! Mke wa Msumari amejifungua mapema, mtoto wa kike, wote wazima. Msumari amechukua likizo wiki nzima. Nilipiga makofi kuliko watu wote ofisini. Meneja alinisifu kwa moyo wangu wa upendo.

Uwanja ni wangu! Nina pointi nane za kitufe, ambacho sasa nimekitangaza kuwa kimekamilika "baada ya mapambano".

Baadaye. Sina furaha tena. Mratibu amegawa kazi za Msumari, na ile ya viti imeniangukia mimi. Nikasema nina mengi. Akatabasamu.

"Kaka, ni pointi moja tu. Wewe mwenyewe ulituambia ni ya kumsukuma mlevi."

Nikacheka jino pembe. Nitaimaliza kesho asubuhi.

Jumatano, 12 Machi

Haijaisha.

Huyu mlevi hasukumiki! Ukimzuia mteja wa pili, wa kwanza naye anafukuzwa. Ukimrudisha wa kwanza, wanaingia wote na shangazi zao. Jana viti vyote vilijifunga, duka zima likawa limechukuliwa na mtu asiyekuwepo. Na Ijumaa kinyozi anakuja kuonyeshwa programu.

Nimuulize Msumari? Nipige magoti mbele ya mpinzani? Thubutu! Nikampigia kumpongeza tu. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje, anafanana na nani, analala vizuri, na, kwa kupitia tu, kama yeye angekuwa na watu wawili wanaogombea kiti angefanyaje.

Msumari, bila kinyongo hata chembe, akaanza kunieleza. Mtoto naye akaanza kulia. Sauti ya tarumbeta! Nilisikia "thibitisha" na nikasikia "funga kiti", lakini kipi kitangulie sikukishika. Ningemwomba arudie. Lakini angejua kwamba nahitaji jibu. Nikasema, "Ahsante kaka, nilikuwa napiga soga tu," nikakata simu.

Nimeamua: kwanza mteja athibitishiwe, halafu kiti kifungwe kwa wengine. Ni adabu tu. Huwezi kumfungia mtu kabla hujamkaribisha. Nimejaribu peke yangu kwa simu yangu moja. Inafanya kazi safi kabisa!

Ijumaa, 14 Machi



Kinyozi alifika na vijana wake. Mtu mkubwa, sauti ndogo. Nilianza na kitufe. Akakibonyeza, akakisifia, akasema kijani kimetulia. Nikamtazama Meneja kwa jicho la kiongozi mtarajiwa.

Kisha kinyozi akasema kila mtu chumbani atoe simu. Wote tuchague kiti cha dirishani, saa nne asubuhi, kwa pamoja. Nikasema labda mmojammoja, ili tusiichoshe programu. Akasema wateja wake hawaji mmojammoja.

Tukabonyeza.

Simu zote zikalia kwa wakati mmoja. Hongera, kiti ni chako. Hongera, kiti ni chako. Hata mama wa usafi aliyekuwa akipita akabonyeza, naye akapata kiti cha dirishani.

Kinyozi alinyanyua simu yake, akatazama za wengine, akanigeukia.

"Hawa wote nitawanyoa vipi, bwana? Wapakatane?"

Vijana wake wakaanguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisema Jumamosi moja tu kama hii, na wateja watatiana makonde juu ya kiti chake. Akatupa mpaka Jumatatu. La sivyo, atatafuta watu wengine.

Mlango ulipofungwa, Meneja aliuliza kazi ya viti ilikuwa pointi ngapi. Moja. Na kitufe? Nane. Akarudia polepole, kama mtu anayesoma hati ya hospitali. Moja. Nane. Chumba kizima kikanitazama. Nikatafuta pa kuangalia, nikaangalia kitufe.

Mratibu alimpigia Msumari mbele yetu sote. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ina shughuli zake.

Jumatatu, 17 Machi

Msumari alikuja Jumamosi na Jumapili pia, macho mekundu, madoa ya maziwa begani. Nilikaa naye. Kiti kifungwe kwanza, ndipo mteja athibitishiwe! Hiyo tu? Si hiyo tu. Kulikuwa na mteja anayefunga kiti halafu simu inazimika, na mteja anayebadili mawazo, na mengine ambayo siku ile aliinua kumi na tatu akitaka kutueleza. Alinielekeza kila hatua bila kunisuta hata mara moja. Ni mtu wa ajabu. Karibu nimpende.

Leo kinyozi amebonyeza na vijana wake wote. Mmoja akapata kiti, wengine wakaambiwa samahani. Ameridhika, anabaki nasi.

Na kiongozi ni Msumari. Meneja amekiri mbele ya wote kwamba kupimana kwa pointi lilikuwa kosa lake. Mratibu hakusema "niliwaambia". Alikunywa tu chai yake, taratibu, kwa sauti.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama angalau nimejifunza kitu. Nikamjibu kwamba nimejifunza mengi sana.

Jumanne, 18 Machi

Msumari ameanza uongozi kwa kufuta pointi. Sasa kazi zitakadiriwa kama mashati: dogo, la kati, kubwa, kubwa sana. Amesema namba zilitufanya tuwe wachuuzi. Watu wamepiga makofi. Mimi nimepiga kuliko wote.

Kwa sababu nimeona pale pale kosa langu la zamani lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye namba! Namba mtu anaweza kukuuliza imetoka wapi. Lakini shati? Nani anaweza kumbishia mtu kuhusu shati linalomtosha?

Kesho asubuhi tunakadiria kazi ya kubadilisha namba ya simu ya duka kwenye ukurasa wa mawasiliano. Nimeitazama leo jioni kwa makini, tarakimu kwa tarakimu.

Kubwa sana. Na mikono mirefu.