Mvuke wa Shambani Kwangu

Mwanangu Joash ametambaa sasa hivi juu ya karatasi hii, akaacha alama ya kiganja chenye masizi. Haidhuru, naandika pembeni. Jumapili anabatizwa, na ndizi za wageni nimezivundika shimoni, mikungu mitatu, na moto mdogo kando ili ziive upesi. Jumanne Bwana Ogari, afisa wa maendeleo, aliuona moshi wa moto huo akiwa barabarani, akalizungushia shimo seng'enge na kutukataza kugusa. Leo Ijumaa ametuhutubia hapo hapo. Alisema hivi:

"Waheshimiwa machifu na manaibu wenu, Mheshimiwa Mwenyekiti wa wakulima wa chai wa Ikonge, mapadri, mapasta, walimu wakuu na walimu wa kawaida, Bwana Rasiklal wa duka la nguo aliyetuazima kipaza sauti na ambaye naona hakiondolei macho, akina mama mliobeba watoto, na nyinyi wananchi watukufu mliosimama kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo! (Hatujambo. Wa nyuma wanasema hawasikii.)

Mimi, niliyehudhuria semina ya jiolojia kule Nakuru siku nzima isipokuwa mchana, natamka kwamba chini ya shamba hili, kwa mujibu wa sarvei ya kiteknikali niliyoifanya mwenyewe kupitia dirisha la Landrova, kuna mawe ya moto, juu ya mawe kuna maji, na juu ya maji kuna mvuke ambao, ukiingizwa kwenye bomba, na bomba likaingizwa kwenye mtambo, utatupa megawati arobaini ama mia nne, tarakimu kamili ziko kwenye faili, za kuwasha taa kutoka Itumbe mpaka Nyacheki, na katika feizi ya pili kila ng'ombe atakamuliwa kwa umeme! (Makofi. Jirani yangu, Mzee Angwenyi, anauliza, 'Na wangu anayepiga mateke?') Huyo ni wa feizi ya tatu, mzee.

(Nasimama mimi: 'Bwana Ogari, huo ni moshi wa ndizi zangu. Fungua waya nikuonyeshe.') Mama Joash, tafadhali, usibishane na sayansi. Hiyo harufu ya ndizi mbivu, sisi wataalamu tunaiita gesi! (Kicheko. Chifu anakohoa.) Seng'enge haitatoka mpaka mashine ya kuchimba ifike, mwezi huu, ama mwaka huu, ama wakati utakaofaa.

Mvuke juu! (Juu!) Giza chini! (Chini!) Jiolojia kwa kila boma! (Jio nini?)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mwenye shamba kwa uvumilivu wake. Namshukuru fundi wa seng'enge. Na kwa unyenyekevu mkubwa nawashukuru wakubwa wangu wa Nairobi, ambao Jumatatu, Mungu akipenda, nitawaandikia barua kuwajulisha kwamba mradi huu upo, na kuwauliza kama wanautaka."

(Mzee Angwenyi: 'Kumbe hata hawajui!')

Basi nimekuwa nikijiuliza, kama wenye mradi hawajausikia, seng'enge inalinda nini? Ndizi zikilala humo siku moja tena zitaoza, nami sina nyingine za wageni. Mama mkwe wangu, Bathsheba, yeye hakujiuliza. Namsikia kutoka kule shimoni: "Nyanchama! Wee Nyanchama! Njoo na panga ushike huu waya, gauni langu limenaswa!"

Nakuja, mama! Acha nikaone kama zimeiva, ama...