Ombi la Kufungua Pampu ya Kwenye Miwani Bila Shemeji

Kwa Mkuu wa Mafunzo, Idara ya Maji

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini u mzima, wewe na miwani yako mipya ya kompyuta. Mimi ni fundi wa pampu, zamu ya asubuhi. Naomba kwa heshima nifanye peke yangu mazoezi ya ile pampu isiyo ya kweli, inayoonekana ndani ya miwani tu. Mwenzangu mliyenipangia ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, naye ameniharibia jina ndani ya miwani na nje yake.

1. Zoezi linataka mmoja ashike mfuniko, mwingine afungue nati. Juzi nilishika vizuri sana. Akasema mbele ya darasa zima, "Shemeji, umeshika hewa, mfuniko uko nyuma yako." Hata kama ni kweli, mkubwa haambiwi hivyo.

2. Kila hatua ananiuliza, "Kushoto kwako au kwangu?" Kushoto ni kushoto. Upande huo naujua tangu utotoni.

3. Mfuniko uliponiangukia mguuni nilipiga kelele. Hauna uzito, najua. Lakini yeye alitangulia nyumbani kwangu, akamwigizia dada yake nilivyoruka. Sasa mke wangu akinipa chai anasema, "Pokea kwa mikono miwili baba, hiki kikombe kipo kweli."

4. Kwa hiyo pampu ipunguzwe nati, au stoo initolee mikono miwili ya ziada, au shemeji ahamishiwe kwenye pampu halisi ya pale koridoni, inayovujia ndoo tangu mliponunua miwani. Ile haihitaji watu wawili. Haijawahi kupata hata mmoja.

5. Mkikataa, nitaamini kuwa ushirikiano ni kificho cha wasiojua kazi. Ninyi wenyewe mlikaa kikao kizima cha wakubwa kuchagua rangi ya mikanda ya miwani, na rangi yenyewe tumeiona.

Nisalimie naibu wako, katibu muhtasi, mlinzi wa getini, na wote wanaoachwa wafanye kazi yao kwa amani.

Wako mtiifu mwenye manung'uniko,
Fundi wa Pampu

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, shemeji alichelewa na mwalimu akaniruhusu nijaribu peke yangu. Nilifungua nati zote, nikakamata mfuniko, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kumbe ni tai ya shingoni mwa mkaguzi kutoka makao makuu, aliyekuja kututazama. Anaendelea vizuri, ameanza kuongea. Naomba nipangwe na shemeji hadi mwisho wa mafunzo. Akiuliza, mwambieni wazo ni lenu.