Saa ya Bwana Pinto

Jumatatu, 7 Machi 1955
Leo nimeanza maisha mapya. Wakili wetu, Bwana Pinto, amechelewa tena mahakamani, na lawama zote zikaniangukia mimi, karani wake. Eti siwezi kumpangia siku! Sadoki, mpiga taipu, akajifanya anakohoa, kumbe anacheka. Sawa. Walipokwenda kunywa chai nikapanda kiti, nikaisogeza saa ya ukutani mbele nusu saa. Bwana Pinto atakuwa anawahi bila kujua sababu. Mimi nitaitoa hiyo nusu saa kichwani. Akili!

Jumanne, 8 Machi
Amewahi! Hakunisifu.
Amekuja Mama Tabea, mjane wa kule juu ya kijiji cha Sekei. Nikamwamkia. Mlowezi jirani yake amemshtaki, anataka mfereji unaoteremka kutoka mlimani uzibwe usifike kwake. Maji yakikatika, kahawa na migomba yake kwisha. Majibu yetu lazima yafike mahakamani Ijumaa kabla ya saa nane mchana, la sivyo mlowezi anashinda na mama hata hajasikilizwa. Sadoki ameyapiga taipu vizuri mno. Bwana Pinto akatia sahihi, akamsifu mbele yangu! Nimeyafungia kwenye mtoto wa meza yangu. Nitayapeleka mwenyewe, tuone nani atasifiwa.

Alhamisi, 10 Machi
Mambo ya ajabu. Nimekwenda kula kwa Kandida, anayepikia watu karibu na soko. Nikamkuta ndiyo kwanza anachambua mchele. Nikamkemea kwa uvivu. Akanijibu nitazame jua, na kama njaa inaniwahi hivyo, nioe. Jeuri! Nimeshindia ndizi mbili.
Kutwa nzima nimechora jedwali la kazi za mwezi, kwa wino wa rangi tatu. Limependeza. Sadoki akauliza kama lina nafasi ya kufanya kazi yenyewe. Wivu tu. Tulipofunga ofisi jua lilikuwa bado kali. Kiangazi cha mwaka huu!

Ijumaa, 11 Machi
Nusura nife!
Nilikuwa natia rangi jedwali, Mama Tabea akaingia kuuliza kama hati yake ya majibu imefika mahakamani. Nikatazama ukutani. Saa tisa kasoro robo. Nikatoa nusu saa yangu. Saa nane na robo! Nikafungua mtoto wa meza. Hati hiyo, imelala.
Mama hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, mfereji ule marehemu aliuchimba kwa jembe lake mwenyewe."
Nikainyakua hati. Nikakimbia. Kofia ikaanguka njiani, sikuirudia. Nililia pia. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.
Karani wa mahakama, Lekishon, alikuwa anakula kiazi. Akauliza kama nimefukuzwa na nyati. Nikamsihi aipokee hati, nikamtajia mjane, mfereji, hata mama yangu mzazi. Akanishangaa. Akasema ni saa saba kasoro dakika tano, kelele za nini? Akagonga muhuri. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile!
Nikaketi kwenye ngazi. Mama Tabea akafika taratibu. Nikamwonyesha muhuri. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaanza kumshukuru Mungu kwa Kimeru. Sikuelewa neno. Nikaitikia amina kila alipopumua.
Ofisini ukweli ukatoka. Sadoki amekiri kwamba Jumatano aliisogeza saa nusu saa, ili mimi niwahi. Bwana Pinto naye, siku hiyo hiyo, aliisogeza saa nzima, ili tuwahi sote. Wakaombana radhi. Mimi nikanyamaza. Sikuona haja ya kuwaongezea huzuni.

Jumanne, 15 Machi (kwa wengine bado ni Jumatatu, tarehe 14)
Bwana Pinto amepiga marufuku mtu yeyote kuigusa saa. Nimetii. Lakini hakusema lolote kuhusu kalenda. Asubuhi, kabla hawajaingia, nimechana karatasi moja zaidi. Siku nzima ya akiba! Bwana Pinto aliitazama, akapiga kelele, akanyakua mkoba, akakimbilia basi la Moshi. Ana kesi huko Jumatano. Kesho asubuhi atakuwa amesimama mahakamani na joho lake, peke yake.
Hatimaye, mtu ambaye hachelewi.