Kamati ya Vichwa vya Skurubu Yazindua Banda la Mboga Amalemba

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu na manaibu wake, Askofu uliyetuombea kwa kirefu, Sheikh uliyetuombea kwa kifupi, Mwenyekiti wa Soko pamoja na mpinzani wake, akina mama wa mboga, na nyote niliowasahau kwa heshima: itifaki izingatiwe. Mulembe! (Mulembe muno!)

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Vichwa vya Skurubu, nimekuja kuzindua banda la kisasa la soko hili. (Vigelegele.) Watu wa kawaida hujenga kwanza. Sisi, kwa kuzingatia framewaki ya kimkakati, tulianza na skurubu, na kwenye skurubu tukaanza na kichwa, kwani samaki huoza kuanzia kichwani. (Makofi machache.)

Hatukwenda chuo cha ufundi cha Sigalagala, hapa jirani, ambako haya hufundishwa. Tulienda benchimakingi, yaani kujifunza kwa wenzetu, Mombasa, hotelini, tukafungua skurubu za meza moja na kuzifunga tena. Tuligundua kwamba kichwa cha mstari mmoja huteleza fundi akajidunga kiganja, kwamba cha msalaba, kile mafundi huita star, hulika ukikikaza kwa hasira, na kwamba cha nyota ya pembe sita hushika vizuri mno, ila bisibisi yake haipo dukani kwa Wanyonyi. (“Na Shikanga je?”) Swali zuri. Fundi Shikanga, kama mafundi wetu wote, huigonga skurubu kwa nyundo mpaka karibu izame, kisha huizungusha kidogo kwa bisibisi ili isionekane ni msumari. (Kicheko, Shikanga anapunga nyundo.) Tukapiga kura, na asilimia mia na kumi wakachagua nyota ya pembe sita.

(Mama Navalayo, muuza mrenda: “Mwenyekiti, mboga zetu zinanyeshewanga kila alasiri! Zikioza watoto watakula nini?”) Mama, uchungu wako nimeusikia, na umo kwenye ripoti, upande wa viambatisho.

Basi semeni nami: Kichwa imara! (“Soko imara!”) Kaza! (“Tukaze nini?”)

Mwisho, namshukuru Mama Navalayo kwa kunifunika na mwavuli wake tangu mvua ianze, huku yeye akilowa na mboga zake. Nawashukuru nyote mliosimama kwenye matope haya, mahali ambapo banda lingekuwa. Lenyewe halijaombewa fedha popote, maana Kamati ya Paa bado inafanya utafiti kujua kama Kakamega hunyesha.